Uume, Urijali au Uanaume? Istilahi za Kueleza Namna Jamii Inavyomjenga Mwanamume

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafasiri na walimu, liko moja ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini likifumbuliwa huonekana kuwa na mambo mengi ndani yake. Swali lenyewe ni hili: tutumie neno gani la Kiswahili kutaja hali ya kuwa mwanamume, si kwa maumbile ya mwili, bali kwa jinsi jamii inavyoitambua, inavyoifundisha na inavyoidai? Wengine huandika uume, wengine urijali, wengine uanaume, na wako wanaotumia mfumo dume kwa maana hiyo hiyo. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa mwongozo wa afya au wa maelezo ya sheria hajui kama anaambiwa habari za kiungo cha mwili, nguvu za uzazi, tabia, au utawala wa kundi moja juu ya jingine.

Katika makala haya tutaeleza kwanza jambo lenyewe, kwa kuwa istilahi haiwezi kuwa safi ikiwa kitu kinachotajwa hakijafahamika. Kisha tutayapima maneno tuliyo nayo, na mwishoni tutatoa mapendekezo.

Vyaelea, vimeundwa

Wahenga walisema kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii yafaa sana hapa. Mtoto huzaliwa akiwa wa kiume. Lakini kuwa mwanamume, kwa maana ambayo watu huiheshimu, ni jambo analofundishwa, analojaribiwa na analoweza kunyang'anywa. Jamii zetu zimelijua jambo hili siku nyingi, na ndiyo maana zimeweka vyuo vya kulifundisha.

Chuo kinachojulikana zaidi ni jando. Kijana hutengwa na mama yake, hupelekwa kumbini, hutahiriwa na ngariba, na hufundishwa na kungwi mambo ambayo watoto na wanawake hawapaswi kuyasikia. Akirudi nyumbani haitwi tena mtoto. Miongoni mwa Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, ambao hutahiri vijana mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, kijana husimama mbele ya ukoo na majirani, wala haruhusiwi kuonyesha dalili yoyote ya maumivu. Ndugu zake humtazama usoni zaidi ya wanavyoutazama mkono wa ngariba. Kinachopimwa pale ni uwezo wa kuficha maumivu, na somo hilo kijana hubaki nalo maisha yake yote.

Lakini Wajaluo, ambao ni majirani wa karibu, hawakuwa na desturi ya kutahiri. Wao zamani waling'oa meno sita ya mbele ya taya la chini. Kama uanaume ungekuwa umetokana na maumbile peke yake, majirani hawa wawili wasingekuwa na mitihani tofauti ya kuufikia. Na mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa tohara ya hiari hospitalini ili kupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi, wanaume wengi wa Nyanza walitahiriwa kwa ganzi, bila ngoma wala kungwi. Kitendo cha mwili ni kile kile, lakini maana yake ni nyingine.

Hapa mfasiri ana la kujifunza. Tohara ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni usafi. Jando ni taasisi nzima ya malezi. Anayeandika jando katika kijikaratasi cha hospitali huahidi jambo ambalo daktari hawezi kulitoa.

Kigezo hakikai mahali pamoja

Sifa za mwanamume anayeheshimiwa hazikuwa zile zile katika nyakati zote. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, kama vile Lamu, Mombasa na Unguja, aliyeheshimiwa zaidi hakuwa mtu wa misuli wala mtu wa kufoka. Alikuwa muungwana: mtu huru, mwenye nasaba, mwenye kuijua dini, mpole wa kauli, na aliyetambulika kwa kanzu na kofia yake. Methali isemayo kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana imehifadhi kigezo hicho. Mtumwa wa kiume, hata angekuwa na nguvu na ushujaa wa namna gani, aliitwa mtwana. Utumwa ulipoondolewa kisheria huko Unguja mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walianza kuvaa kanzu na kofia. Vazi hilo lilikuwa dai la uhuru, na pia lilikuwa dai la uanaume.

Ukoloni ulileta kigezo kingine, yaani mshahara. Katika miji ya Afrika Mashariki ya wakati huo, kazi za ndani katika nyumba za mabwana zilifanywa kwa wingi na wanaume. Mtu mzima mwenye mke na watoto alipika, alifua, alipiga pasi na kutandika vitanda, naye akaitwa boi, neno lililotoka katika Kiingereza kwa maana ya mvulana. Kwa hiyo kazi ile ile iliyosemwa kuwa ni ya kike nyumbani kwake ilikuwa ya kiume ilipolipiwa fedha, na bado neno aliloitwa lilimrudisha utotoni. Mfano huu waonyesha kuwa si kazi yenyewe iliyo ya kiume au ya kike, bali ni malipo na heshima iliyofungwa nayo.

Baada ya uhuru taifa nalo lilisema neno lake. Azimio la Arusha la mwaka 1967, katika kueleza kuwa msingi wa maendeleo ni juhudi ya kazi, liliwasifu wanawake wa vijijini kwa kazi nyingi na kuwalaumu wanaume wa vijijini kwa kupumzika mno. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimwekea mume wajibu wa kumtunza mke, na mke akawekewa wajibu kama huo endapo tu mume hajiwezi kwa maradhi na yeye mke ana uwezo. Sheria hiyo hiyo ilikataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Twaona basi jinsi sheria moja inavyoweza kukiimarisha kigezo kimoja cha uanaume, yaani mlishaji, na papo hapo kukivunja kingine, yaani mwenye fimbo.

Lugha nayo imo kazini

Kiswahili hakina jinsia ya kisarufi. Yeye ni yeye, awe baba au mama. Na mwalimu, mkulima, mwenyekiti na waziri ni maneno yasiyobagua. Kwa hiyo yale tunayoyakuta katika lugha yetu yakimkweza mwanamume hayakulazimishwa na sarufi. Yaliwekwa na matumizi.

Mfano wa kwanza ni kitenzi oa. Mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Watu wakisema kuwa fulani, mwanamume, ameolewa, hawaelezi habari za harusi, bali wanamcheka kwa kuwa anaishi katika nyumba ya mkewe au analishwa naye. Kiambishi kimoja cha kutendwa kinatosha kumvua mtu heshima yake. Mfano wa pili ni mkono wa kuume, yaani wa kulia, na mkono wa kuke, yaani wa kushoto. Wasomaji wa tafsiri za Biblia wanaufahamu sana mkono wa kuume, nao ni upande wa heshima. Mfano wa tatu watoka ofisini: kwa miaka mingi mtaalamu wa kilimo aliitwa bwana shamba na wa afya bwana afya, hata ikawa mwanamke aliyehitimu fani hizo ilibidi atafutiwe jina. Vyeo vya afisa kilimo, afisa ugani na afisa afya viliondoa tatizo hilo bila gharama yoyote.

Mfano wa nne ni kielezi kiume. Mtoto aliyeanguka huambiwa ajikaze kiume, na mwanamke shupavu husifiwa kuwa ni mwanamke wa shoka, yaani sifa yake hutolewa katika chombo kinachohesabiwa kuwa cha wanaume. Hata hivyo tusidhani kuwa lugha husema kwa sauti moja. Methali isemayo kuwa kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio yakumbusha kuwa mama wa shujaa ndiye anayefiwa. Wahenga walikitukuza kigezo, na wahenga hao hao wakakitilia shaka.

Kuyapima maneno

Sasa tunaweza kuyapima maneno yanayoshindaniwa.

Uume. Kwa muundo ni neno zuri, lakini katika matumizi ya sasa limeelemea maana ya kiungo cha uzazi. Mwalimu akisema mbele ya darasa kuwa jamii huujenga uume, hatapata utulivu. Neno hili liachiwe tiba na elimu ya viumbe.

Urijali. Shina lake ni la Kiarabu, ambako rijali ni wingi wa neno lenye maana ya mwanamume. Kiswahili kimelichukua kama umoja na kulifinya kuwa mwanamume mwenye nguvu za kuzaa na kujamiiana. Kwa hiyo urijali hutaja sifa moja tu miongoni mwa zile zinazodaiwa.

Mfumo dume. Istilahi hii imekwisha kuenea, nayo hutaja utaratibu mzima wa jamii unaowapa wanaume mamlaka juu ya wanawake. Ina kasoro moja: dume ni neno linalotumika hasa kwa wanyama, na huweza kumfanya msikilizaji afikiri kuwa utaratibu huo umetoka katika maumbile, kama ilivyo kwa beberu na jogoo. Hata hivyo neno lililokwisha kukubaliwa na watu haling'olewi kwa urahisi. Yatosha lisitumike mahali pa uanaume, kwani mfumo ni nyumba, na uanaume ni kipimo cha anayeishi ndani yake.

Uanaume. Neno hili latokana na mwanaume, lina maana pana, na halina aibu. Tatizo lake ni kwamba nomino za dhahania za namna hii hazina wingi. Mwanasosholojia wa Australia, Raewyn Connell, ambaye pamoja na wenzake alifafanua nadharia hii mwaka 1985, aliupa uanaume umbo la wingi katika jina la kitabu chake cha mwaka 1995, kwa makusudi, ili kuonyesha kuwa katika jamii moja zimo namna nyingi za kuwa mwanamume, na moja kati yake huzikalia nyingine. Kwa Kiswahili wingi huo tutaupata kwa kusema namna za uanaume.

Ile namna inayozikalia nyingine nayo inahitaji jina. Connell alichota kwa Antonio Gramsci, mwanafikra wa Italia aliyefariki mwaka 1937, wazo kwamba tabaka hutawala si kwa nguvu peke yake, bali pia kwa kukubaliwa na wanaotawaliwa. Kwa kuwa tumekwisha kuzoea tabaka tawala na chama tawala, uanaume tawala utaeleweka mara moja. Ni kweli kuwa kivumishi tawala hudokeza amri zaidi ya ridhaa. Upungufu huo tutauziba kwa fasili.

Mapendekezo

Tunapendekeza basi kwamba jinsi ya kiume itumike kwa maumbile. Uanaume kwa hali inayojengwa na jamii. Na mfumo dume kwa utaratibu wa mamlaka. Uanaume tawala ufasiliwe hivi: namna ya uanaume ambayo jamii, kwa wakati fulani, huiheshimu kuliko nyingine zote, hata wasioweza kuifikia wakikubali kupimwa kwayo.

Huenda msomaji akaona kuwa haya ni mabishano ya maneno. Sivyo. Mwaka 2018 Tanzania ilianzisha kampeni ya Furaha Yangu, iliyowalenga hasa wanaume, kwa sababu walikuwa nyuma ya wanawake katika kupima virusi vya Ukimwi. Sehemu ya tofauti hiyo yaelezwa na kliniki, ambako mama mjamzito hupimwa. Sehemu nyingine yaelezwa na somo lile la kuficha maumivu. Mwanamume aliyefundishwa kuwa kuugua ni udhaifu hungoja mpaka achukuliwe kwa machela. Mwandishi wa mwongozo wa afya anayemwambia kuwa tatizo ni uume au urijali wake humtukana, naye hatasoma ukurasa wa pili. Akimwambia kuwa tatizo ni kipimo alichopewa na wengine, na kuwa kipimo hicho kimekwisha kubadilika mara nyingi, humwachia nafasi ya kufikiri.

Kilichoundwa chaweza kuundwa upya. Tunawakaribisha wasomaji, hasa walimu na maofisa walioko wilayani, watuletee maneno yanayotumika katika sehemu zao kwa dhana hizi, pamoja na sentensi walizoyasikia, ili mapendekezo haya yajaribiwe kabla hayajasanifiwa.