Wanachama 12, Wadeni Wawili Hewa: Tulivyojifunza Kupanga Rekodi za Chama

Desemba iliyopita, wiki moja kabla ya kugawana akiba, mweka hazina wa chama chetu cha ofisini alituma orodha ya wadeni kwenye grupu ya WhatsApp. Ilikuwa fupi: jina moja, limeandikwa mara mbili. Mstari wa kwanza ulidai shilingi 5,000, wa pili shilingi 7,000. Kwa kuwa tuna wanachama wawili ambao majina yao yanafanana kabisa, kila mtu alielewa kwamba wote wawili hawajamaliza kulipa.

Mmoja alinyamaza. Mwingine alitoka kwenye grupu.

Kumbe hakuna aliyekuwa na deni! Tuko watu 12, kila mtu huchanga shilingi 1,000 kwa mwezi, na shilingi 144,000 za mwaka zilikuwa kwenye akaunti, hakuna hata bob iliyopotea. Pesa ilikuwa sawa. Rekodi ndizo zilizokuwa zimevurugika.

Sisi ni watu wa masoko, si wa kompyuta. Lakini baada ya aibu hiyo tuliamua kujifunza, tukianzia sifuri, jinsi hifadhidata inavyopangwa. Kama wewe ni mweka hazina wa chama, au una duka na daftari la madeni, tuliyojifunza yatakusaidia.

Kosa lilikuwa wapi?

Rekodi zetu zilikuwa kwenye jedwali moja refu. Kila mchango ulikuwa na mstari wake: jina, namba ya simu, mwezi, kiasi. Kwa sababu majina mawili yanafanana, mweka hazina alihesabu michango kwa kufuata namba ya simu. Wazo zuri, sivyo?

Shida ni kwamba mwezi wa Juni mmoja wa hao wawili alihamia laini mpya. Michango yake mitano ya Januari hadi Mei ikabaki chini ya namba ya zamani, na saba ya Juni hadi Desemba ikaingia chini ya namba mpya. Kwa hesabu hiyo tukawa watu 13: mmoja amelipa mara tano na anadaiwa 7,000, mwingine amelipa mara saba na anadaiwa 5,000. Wote wawili ni mtu yuleyule. Yule wa pili mwenye jina hilo alikuwa amelipa yote, lakini nani angejua?

Hapo ndipo tulipata somo la kwanza: jambo moja liandikwe mahali pamoja tu. Namba ya simu ya mwanachama ni jambo moja. Sisi tuliiandika mara 12 kwa mwaka kwa kila mtu, kwa hiyo ilipobadilika ilitakiwa kurekebishwa mahali pengi, na mtu husahau.

Majedwali mawili badala ya moja

Wazo hili lina miaka mingi. Mwaka wa 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM nchini Marekani, alichapisha makala akipendekeza data ipangwe kwenye majedwali yanayohusiana. Mwaka wa 1981 alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kabisa katika fani ya kompyuta.

Kwa chama chetu, tuligawa hivi:

Jedwali la Wanachama lina namba ya mwanachama, jina na simu. Kila mtu ana mstari mmoja tu.

Jedwali la Michango lina namba ya mchango, namba ya mwanachama, tarehe, kiasi, na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa kuthibitisha malipo.

Angalia: jina na simu hazipo kwenye Michango. Kuna namba ya mwanachama pekee, tuseme 7. Ukitaka kujua 7 ni nani, unaenda kwenye Wanachama. Akibadilisha laini, unarekebisha mstari mmoja na michango yake yote inabaki yake.

Ile 7, ikiwa kwenye Wanachama, inaitwa ufunguo msingi: haijirudii, haibadiliki, na haiwezi kuachwa wazi. Ikiwa kwenye Michango inaitwa ufunguo wa nje, kwa sababu inaelekeza kwenye jedwali lingine.

Kwa nini tusitumie namba ya simu iwe ufunguo? Kwa sababu watu hubadilisha laini, na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kupewa mtu mwingine. Jina nalo? Tushaona lilitufikisha wapi.

Tulipoteleza tena

Mwanzoni hatukuwa na namba ya mchango. Tulisema namba ya muamala inatosha, kwani haijirudii. Mwezi wa pili, mwenzetu mmoja akatuma shilingi 2,000 kwa mpigo: 1,000 zake, 1,000 za jirani yake wa meza. Muamala mmoja, michango miwili. Hapo sasa! Ufunguo ukatugomea, kwa sababu mistari miwili haiwezi kuwa na ufunguo mmoja. Tukaupa kila mchango namba yake, na namba ya muamala ikabaki kama ushahidi wa malipo.

Mikopo nayo ilitufundisha jingine. Mkopo mmoja unaweza kuwa na wadhamini watatu, na mwanachama mmoja anaweza kudhamini mikopo kadhaa. Ukiweka safu za mdhamini 1, mdhamini 2 na mdhamini 3, utafanya nini akija wa nne? Dawa ni jedwali la katikati, Udhamini, lenye namba ya mkopo na namba ya mwanachama. Kila udhamini, mstari mmoja.

Na jumla ya akiba? Usiiandike kwa mkono. Ijumlishwe kutoka kwenye Michango kila unapoihitaji, la sivyo siku moja jumla itasema hivi na michango itasema vile.

Anza na karatasi

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua daftari. Andika vitu mnavyotunzia rekodi: watu, michango, mikopo. Kila kitu kipe ukurasa wake, na kila mstari namba yake. Kisha jiulize: mtu akibadilisha laini leo, nitarekebisha mahali pangapi? Kama jibu ni zaidi ya pamoja, bado kuna marudio ya kuondoa. Ukisharidhika, jaribu programu za bure kama LibreOffice Base au SQLite.

Mambo mawili usiyasahau. PIN ya mtu haina nafasi kwenye jedwali lolote, hata la siri. Pia, majina na namba za simu za wanachama zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwa hiyo faili isizunguke ovyo kwenye magrupu.

Mweka hazina wetu aliomba msamaha palepale kwenye grupu, mbele ya wote, na akatuma hesabu mpya: watu 12, kila mmoja michango 12. Yule aliyetoka alirudi siku mbili baadaye. Alituandikia kitu kimoja tu: "Sasa mimi ni namba ngapi?"

Ni namba 7. Na hata akibadilisha laini mara kumi, atabaki 7.