Mtoto wa Jirani katika Shule ya Biblia

Kila ifikapo Juni na Desemba, shule zinapofungwa, watoto wa Tunduma hukosa pa kushinda. Wazazi wao wako mpakani tangu alfajiri: mwenye duka, mama lishe, mbadilisha fedha, dereva wa lori anayengoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde. Hapo ndipo makanisa yanapofungua milango yake kwa Shule ya Biblia ya Likizo. Kuna nyimbo, michezo, hadithi na kikombe cha uji. Mtoto wa Kikristo huenda kwa sababu ndiko kwao. Mtoto wa jirani, ambaye baba yake ni Mwislamu aliyetoka Pemba kutafuta riziki, au babu yake ni Mnyiha anayeshika mila za wazee, huenda kwa sababu wenzake wamekwenda.

Leo tunataka kusema juu ya mtoto huyu wa pili.

Mafunzo haya ya likizo hayakuanzia kwetu. Mwaka 1898, mjini New York, mama mmoja wa Kibaptisti aitwaye Eliza Hawes aliwakusanya watoto waliokuwa wakizurura mitaani wakati wa kiangazi, akawafundishia katika ukumbi wa kuuzia pombe, kwa kuwa hakupata mahali pengine. Nia yake ilikuwa kuwaokoa na hatari za mitaani. Mwaka uliofuata, 1899, Wamoravian walifungua misheni yao Mbozi. Traugott Bachmann, aliyekuwa miongoni mwa wamisionari wa mwanzo hapo, alijifunza Kinyiha, na kadiri miaka ilivyopita akaja kuzitazama mila za wenyeji kwa heshima kuliko wengi wa wenzake. Nasi wa Visiwani tulikuwa tumekwisha kuwa na Kiungani, shule ya misheni ya Kiingereza iliyowapokea wavulana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha habari za maisha walizoziandika vijana hao wenyewe. Kwa hiyo kumbukumbu za mtoto aliyejikuta katika dini isiyokuwa ya wazazi wake si jambo jipya katika historia yetu.

Watoto wa jirani wa miaka ya nyuma sasa ni watu wazima, na wengi wao hawakuwa Wakristo. Wako waliobaki katika Uislamu, wako walioshika mila, na wako wachache wanaosema hawana dini yoyote. Ukizungumza nao, utashangaa kuona jinsi wanavyoyakumbuka mafunzo yale pasipo chuki. Hukumbuka nyimbo hata leo. Hukumbuka kadi zenye picha za rangi alizopewa mtoto aliyehifadhi aya vizuri, na huko ndiko wengine walikojifunza kusimama mbele ya watu na kusema bila kutetemeka. Mmoja wao, mzaliwa wa Mbozi, alitueleza kwa kicheko kwamba yeye asiyeamini ndiye aliyekuwa akishinda wote kwa kuhifadhi.

Lakini kicheko hicho kina mwisho wake. Mtu huyo huyo alinyamaza kidogo, kisha akasimulia siku mwalimu alipowaambia watoto kwamba wanaotambika wote wataingia motoni. Alikuwa na umri wa miaka minane. Babu yake, aliyemlea, alikuwa akitambika. Usiku ule hakulala, na kwa muda mrefu aliogopa kula chakula kilichotoka mkononi mwa mzee aliyempenda kuliko watu wote. Babu alifariki pasipo kuambiwa kwa nini mjukuu alikuwa amejitenga naye. Wengine husimulia jinsi walivyotakiwa kunyosha mkono mbele ya kundi ili "waokoke", wakanyosha kwa haya tu, kisha wakarudi nyumbani na siri wasiyoweza kuibeba.

Si nia yetu kuyalaumu makanisa. Kumlisha mtoto, kumwimbisha na kumlinda na magari ya barabara kuu ni jambo jema. Tunalolikataa ni kumtenga mtoto na wazazi wake kwa hofu. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito ambaye hakuwa Mkristo, alibatizwa Desemba 1943, alipokuwa na umri wa miaka 21. Aliamua akiwa mtu mzima, wala imani yake haikupungua kwa kungojea.

Sheria zetu ziko wazi. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaihesabu imani kuwa jambo la hiari ya mtu binafsi, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inalinda uhuru huo. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unatambua haki ya mtoto kuwa na imani na haki ya wazazi kumwongoza. Wala Tunduma haihitaji kukumbushwa gharama ya kupuuza mambo haya. Aprili 2013 ubishi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja uliuingiza mji huo katika fujo, hata polisi wakatumia mabomu ya machozi. Chuki ya namna hiyo haizuki siku moja, hupandwa mapema.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Mkoa wa Songwe na halmashauri zake wakutane na viongozi wa dini zote kabla ya likizo ijayo, wakubaliane mambo matatu. Kwanza, asipokelewe mtoto wa dini nyingine bila mzazi wake kujua na kuridhia. Pili, asitakiwe mtoto kuikana dini ya kwao, wala kutishwa kwa ajili ya watu wake. Tatu, halmashauri ziwe na viwanja na maktaba zilizo wazi wakati wa likizo, ili mzazi asiye na pa kumwacha mwanawe awe na hiari ya kweli.

Na sisi wa Visiwani tujitazame. Anapoingia mtoto wa Kikristo, mwana wa mtumishi aliyehamishiwa Unguja au Pemba, akakaa chuoni pamoja na wenzake kwa kuwa ndiko waliko, je, tunamtendea vile tunavyotaka watoto wetu watendewe Tunduma? Hatuwezi kudai ng'ambo haki tunayoinyima nyumbani.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini kabla ya kumkunja, uliza kwanza ni samaki wa nani.