Mshono Mmoja Tu: Haki na Hisani kwa Mafundi Cherehani wa Jumuiya Zetu

Katika baraza za maduka ya Kasulu na Kibondo, na katika vijiji vingi vinavyoizunguka miji hiyo, cherehani ya miguu ni chombo cha kazi ambacho kila mtu anakifahamu. Nyuma yake hukaa akina mama na mabinti waliojifunza ushonaji kwa mafundi wa mitaani au katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Hushona sare za shule, magauni ya vitenge, mapazia na foronya. Wengine hukusanya vipande vya vitenge vilivyobaki chini ya meza, wakaviunganisha kimoja kimoja mpaka vikawa kitandiko kizito cha kumfunika mtoto nyakati za baridi ya huku kwetu milimani. Kazi hiyo ya vipande hutaka jicho na subira kuliko hata gauni. Tunaandika juu ya watu hawa, lakini tunawaandikia zaidi wale wanaowaendea, nasi tukiwemo.

Jambo lenyewe huanza kwa upole. Misa imekwisha, au sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo imefungwa, watu wanasalimiana "mwakeye", na mmoja anamsogelea mama fundi akiwa na kifurushi kwapani. "Mama, nipitishie mshono mmoja tu hapa." Ndani ya kifurushi mna sketi iliyokatika zipu, suruali ya mtoto iliyochanika gotini, na shuka lililoachia pindo. Bei haitajwi. Anayeomba haulizi, kwa sababu ameuita msaada. Anayeombwa hasemi, kwa sababu ataonekana mchoyo mbele ya wale waliosali pamoja naye muda mfupi uliopita. Kifurushi kinapokewa. Jumamosi inayofuata vinakuja viwili.

Ni vema tueleze mshono mmoja huo una nini ndani yake, kwa maana asiyeshona haoni. Kubadili zipu ya sketi si kushona zipu. Kwanza ni kufumua uzi wa zamani, tundu baada ya tundu, bila kukichana kitambaa ambacho mara nyingi kimekwisha kuchakaa. Kisha ni kuchagua uzi unaolingana rangi, na kama haupo ni kwenda dukani kuununua. Ni kujaza bobini, kuishikiza zipu kwa mkono ili isipinde, kuipitisha kwenye cherehani pande mbili, kurudishia ukanda wa kiunoni na kupiga pasi ya mkaa. Sindano ikikutana na meno ya zipu huvunjika, na sindano hununuliwa. Tukadirie nusu saa kwa sketi moja. Misaada kumi ya namna hiyo kwa juma ni saa tano, na saa tano ni sehemu kubwa ya siku ya kazi. Siku hiyo ndiyo ambayo gauni la mteja aliyelipa malipo ya awali halikukamilika. Mteja huyo naye atakuja kulalamika, na lawama zitamwangukia fundi, si wale kumi.

Hakuna anayeingia dukani akaomba kilo ya sukari kwa sababu mwenye duka ni mwanajumuiya mwenzake. Wala hatumwambii kijana wa bodaboda atupeleke bure kwa kuwa "si una pikipiki tayari?" Lakini mwenye cherehani huambiwa hivyo hasa: si una cherehani nyumbani? Sukari ikitoka kwenye gunia hupungua, na mafuta ya pikipiki huisha mbele ya macho yetu. Muda na ujuzi wa mshonaji hupungua pasipo mtu kuona. Tena, tuseme wazi, jambo hili huwapata wanawake zaidi. Fundi mwanamume anayekaa sokoni huulizwa, "Kiasi gani?" Mama anayeshonea nyumbani huombwa msaada, kana kwamba kazi ya mikono yake ni sehemu ya ukarimu wa nyumba, kama maji ya kunywa anayopewa mgeni.

Wako watakaojibu kwamba sisi ni watu wa ujima, na kwamba kuhesabiana nusu saa ni tabia ngeni. Hoja hiyo ina uzito wake. Katika mashamba yetu ya maharage na mihogo, watu wamesaidiana tangu zamani kulima na kuvuna, na hakuna aliyeandika daftari. Lakini ujima una mzunguko: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na asiyefika kwa wenzake hujikuta peke yake na jembe lake. Mama fundi aliyeshona zipu kumi akiomba watu kumi wampalilie mahindi, watafika wangapi? Pale ambapo wanafika, hatuna neno la kusema. Huo ni ujima wa kweli na malipo yake yamekamilika. Pale ambapo hawafiki, kilichokuwapo ni mtu mmoja kuwatumikia wengi kwa jina la undugu. Kwa baadhi yao hata shamba halipo. Mkimbizi mshonaji katika kambi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa wilayani Kasulu mwaka 1996, hana ekari ya kurudi jioni. Kwake yeye cherehani ndiyo shamba.

Kanisa lina mafundisho ya moja kwa moja juu ya jambo hili, ingawa ni nadra kuyasikia yakitajwa panapohusika zipu na viraka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Utume wa Walei, Apostolicam Actuositatem, ya mwaka 1965, namba 8, unaagiza kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili kile mtu anachostahili kwa haki kisije kikatolewa kana kwamba ni zawadi ya upendo. Kwa kawaida maneno hayo huelekezwa kwa anayetoa: tajiri asiwapunje vibarua wake kisha akawagawia sadaka. Yanamhusu pia anayepokea. Akidai kwa jina la upendo kile ambacho angepaswa kukilipia, amechanganya mambo mawili yale yale.

"Lakini alikubali mwenyewe," husema mwenye sketi. Hapo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2434, inatufunga mdomo. Inafundisha kwamba mapatano ya pande mbili peke yake hayatoshi kuuhalalisha ujira. Baba Mtakatifu Leo XIII alikwisha kueleza sababu yake mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum: mtu aliyebanwa na shida au hofu hukubali hata lisilo la haki. Papa alikuwa akiwafikiria wafanyakazi wa viwandani Ulaya, ambao walihofu njaa. Mama fundi wa Kasulu huhofu jambo jingine, yaani kuambiwa ana roho mbaya. Hofu hiyo nayo hubana.

Katika Maandiko Matakatifu yumo mwanamke ambaye wasomaji wetu wangefaa kumfahamu zaidi. Ni Ana, mke wa Tobiti, katika sura ya pili ya kitabu hicho. Mumewe amepofuka, na Ana anaitunza nyumba kwa kazi ya mikono yake, kusuka na kufuma kwa ujira. Siku moja anapeleka kitambaa alichokimaliza. Wenye kazi wanamlipa ujira wake wote, kisha wanamwongezea mwanambuzi. Mbuzi analia nyumbani, Tobiti anasikia, anamshuku mkewe kwamba ameiba na kumwamuru amrudishe. Ana anaeleza kwamba ni nyongeza juu ya ujira, wala mumewe hamwamini. Ugomvi wao ni mkali, na Ana anamuuliza sadaka zake zote zimemfaa nini. Tazameni ajabu ya kisa hiki: Tobiti, aliyezika maiti na kulisha wenye njaa, hakuweza kuamini kwamba kazi ya mkewe ilistahili shukrani kiasi hicho. Tena wale wenye kazi walijua utaratibu. Ujira wote kwanza, mbuzi baadaye. Mbuzi asingekuwa zawadi kama ujira ungepunguzwa. Na ni Tobiti huyo huyo ambaye katika sura ya nne anamwagiza mwanawe asiuweke ujira wa mtu hata usiku mmoja.

Hatusemi kwamba fundi asishone bure. Tabitha wa Yafa, katika sura ya tisa ya Matendo ya Mitume, alikumbukwa kwa kanzu na mavazi ambayo wajane walimwonyesha Petro huku wakilia. Lakini hao walikuwa wajane, na yeye ndiye aliyewachagua. Mtume Paulo, aliyeshona mahema pamoja na Akila na Priskila kule Korintho, aliutumia moyo huo huo: katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya tisa, anathibitisha kwanza haki yake ya kutunzwa, ndipo anapoeleza kwamba ameamua kutoitumia. Mtakatifu Homobono wa Cremona, msimamizi wa mafundi wa nguo, aliyefariki tarehe 13 Novemba 1197, alifanya biashara yake ya nguo kwa uaminifu na kuwagawia maskini alichokipata. Alilipwa, kisha akatoa. Asingelipwa, maskini wa Cremona wangepata nini?

Wanaokaa karibu na mafundi wetu wanaijua sadaka ya namna hii. Msiba ukitokea usiku, mama fundi huamshwa ashone kitambaa cha kumvika marehemu, pengine mtoto mchanga, kwa mwanga wa kibatari au tochi ya simu. Hapo hasemi bei, na akiulizwa hukasirika. Nguvu ya kuamka usiku huo ndiyo tunayoimaliza mchana kwa mapindo ya mapazia ya watu wenye mishahara.

Hatuna budi kujitazama sisi wenyewe pia. Mara nyingi mwombaji mkubwa ni parokia. Kanzu za watumikiaji, vitambaa vya altare, sare za kwaya, na sare ya WAWATA inayohitajika kabla ya sikukuu: hayo yote humfikia mwanajumuiya yule yule, na neno "kujitolea" hutangulia kabla hajatoa jibu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1286, inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa kuwalipa wanaofanya kazi kwa mapatano ujira wa haki unaowatosha wao na familia zao. Bajeti yenye fungu la mishumaa na divai inaweza pia kuwa na fungu la ushonaji.

Kwa mafundi, tunapendekeza karatasi ya bei ukutani: zipu, pindo, kiraka, kupunguza kiuno. Karatasi husema lile ambalo mdomo unaona haya kulisema, na mwenye shida ya kweli bado anaweza kuongea na mwenye nyumba pembeni. Kwa sisi wengine, swali la kwanza liwe "kiasi gani?", kabla kifurushi hakijafunguliwa, na uzi tuje nao. Fundi akijibu "acha tu", tumshukuru, nasi tujue kwamba amejibu akiwa huru.

Parokia zenye kanzu za watumikiaji za kushonwa kabla ya Jumapili ya Matawi zinaweza kuanza sasa. Mhasibu wa parokia amfuate fundi barazani kwake siku ya kazi, apime naye kitambaa, waandikiane idadi, bei na tarehe, na amwachie malipo ya awali.