Namna ya Kusuluhisha Migongano ya Maandishi katika Kazi ya Pamoja

Kamusi aghalabu si kazi ya mtu mmoja. Zamani waliokusanya maneno waliyaandika katika kadi, kadi zikawekwa sandukuni, na mhariri akazipanga kwa mkono wake. Siku hizi maneno huwekwa katika faili za kompyuta, na kila mshiriki ana nakala yake. Faida ya jambo hili ni dhahiri. Lakini ipo taabu moja. Watu wawili wakisahihisha neno lile lile kwa wakati mmoja, ni nakala ya nani itakayosimama?

Taabu hiyo wanaijua sana watungaji wa programu huria, yaani programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Kwa ajili yake vilibuniwa vyombo vya kudhibiti matoleo, na kinachotumika zaidi leo ni Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Wataalamu wa Kiswahili si wageni katika kazi za namna hii: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisini kwa Kiswahili, nayo iliitwa Jambo OpenOffice. Tafsiri ya programu kama hiyo, sawa na kamusi, ni maelfu ya mistari mifupi inayopita mikononi mwa watu wengi.

Git humpa kila mshiriki nakala kamili ya kazi pamoja na historia yake yote. Kwa hiyo mtu aweza kuandika hata pasipo mtandao, kisha akaunganisha kazi yake na ya wenzake mtandao urudipo. Hapo ndipo mgongano uwezapo kutokea.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba watu wawili wanatunga orodha ya maneno ya Kihaya yanayosikika katika Kiswahili cha Mkoa wa Kagera. Mmoja yuko Bilele, katika mji wa Bukoba. Wa pili yuko Muleba. Orodha yao ina mstari huu:

lubisi: pombe ya ndizi

Yule wa Bilele anaona kwamba neno lapasa kuandikwa kwa r, naye anaandika:

rubisi: pombe ya ndizi

Siku hiyo hiyo yule wa Muleba, baada ya kuwauliza wazee, anaongeza maelezo:

lubisi: pombe ya ndizi na mtama

Nakala hizo zikikutanishwa, Git hailinganishi maandishi mawili tu, bali matatu: ya Bilele, ya Muleba, na yale ya asili yaliyowazaa wote wawili. Mwanaisimu hatastaajabia njia hii, kwa kuwa yeye naye hawezi kujua ni lugha ipi iliyogeuza sauti mpaka awe na makisio ya umbo la asili. Mstari uliobadilishwa upande mmoja tu hupokewa bila swali. Mstari uliobadilishwa namna moja pande zote mbili hupokewa pia. Lakini mstari ule ule, au mistari iliyopakana, ikibadilishwa kwa namna mbalimbali, mashine husimama na kuwaachia watu hukumu.

Mahali pa mgongano hutiwa alama ndani ya faili: alama saba zenye ncha kushoto hutangulia maandishi ya upande wa kwanza, alama saba za usawa hutenga, kisha huja maandishi ya upande wa pili, na alama saba zenye ncha kulia hufunga. Yafaa kuiamuru Git, kwa mtindo uitwao diff3, ionyeshe pia maandishi ya asili katikati. Bila hayo msomaji huona tofauti, wala hajui nani amebadili nini.

Katika mfano huu, asili yaonyesha mara moja kwamba hakuna ugomvi. Mmoja amegusa tahajia, mwenziwe amegusa maana. Msuluhishi ataandika «rubisi: pombe ya ndizi na mtama», ataondoa alama zote, kisha atatoa amri ya «git add» na ya «git commit». Akiona mambo yamemchanganya, «git merge --abort» itamrudisha alipoanzia. Lililo baya ni kuchagua upande mmoja mzima ili kumaliza kazi upesi. Akishika nakala ya Bilele peke yake, maneno ya wazee wa Muleba yatatoweka katika orodha, na hakuna atakayeonywa.

Hata hivyo, mgongano unaoonekana si wa hatari kuliko yote. Huenda yule wa Muleba alikwisha kuongeza, mbali sana chini ya orodha, mstari usemao «mtama: nafaka, tazama pia lubisi». Mstari huo ni mpya, haukuguswa na mtu mwingine, basi mashine huupokea kimya. Sasa kamusi inamwelekeza msomaji kwenye neno lisilokuwamo tena. Git hupima mistari. Haipimi maana, wala upatanisho wa ngeli, wala marejeo. Kwa hiyo kila baada ya kuunganisha, umbo la zamani litafutwe katika kazi nzima, nayo amri ya «git grep» yatosha kwa hilo.

Imebaki swali la l na r. Jina la lugha yenyewe huonekana katika maandishi kwa sura mbili, Oluhaya na Oruhaya, na swali kama hilo halifai kuamuliwa na mtu aliyebahatika kuunganisha nakala usiku huo. Akiliamua leo, mwenziwe ataligeuza kesho, na mgongano utazaliwa upya kwa kila neno. Tahajia iamuliwe na wote mara moja, sababu zake ziandikwe pamoja na kazi, na mabadiliko yake yafanywe peke yake, yasichanganywe na masahihisho ya maana. Washiriki wakifanya hivyo, na wakiunganisha kazi zao mara kwa mara badala ya kungoja miezi, migongano itakayobaki itakuwa michache, nayo itakuwa ile inayostahili kujadiliwa.