Mbung'o Ameondoka, Kupe Amebaki: Kazi Iliyo Mbele ya Vyama vya Wafugaji

Mfugaji wa Kiwengwa, katika Wilaya ya Kaskazini B, anayetaka kuuza maziwa hukabiliwa na uamuzi mzito. Ng'ombe wa kienyeji huvumilia jua, majani machache ya ardhi ya maweni na maradhi mengi, lakini maziwa yake ni kidogo. Ng'ombe chotara hutoa maziwa mengi zaidi, ila bei yake ni kubwa na ni mwepesi kushikwa na maradhi. Akifa ng'ombe huyo, huenda akiba yote ya nyumba ikafa naye. Kwa hiyo afya ya mifugo si jambo la bwana mifugo peke yake. Ni ulinzi wa mtaji wa mwanachama na wa chama chake.

Kisiwa cha Unguja kina mfano mkubwa wa adui aliyeshindwa. Kwa miaka mingi mbung'o walisambaza vijidudu vya nagana, maradhi yanayokausha damu ya ng'ombe, kumkondesha, kupunguza maziwa na kuharibu mimba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ng'ombe walimwagiwa dawa mgongoni, na vitambaa vilivyotiwa dawa vikatundikwa vichakani. Mbung'o walipungua sana, lakini hawakwisha, hasa katika Msitu wa Jozani.

Hapo ndipo utafiti ulipotoa silaha nyingine. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, naye hazai mayai mengi kama inzi wengine, bali buu mmoja mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Akipandwa na dume tasa, hana kizazi tena. Basi mbung'o walifugwa kwa wingi katika kituo cha utafiti cha Tanga, madume yakapigwa mionzi ili yawe tasa, kisha yakaangushwa kwa ndege juu ya kisiwa. Kazi hiyo, iliyosaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilifanyika kuanzia 1994 hadi 1997, na madume zaidi ya milioni 8 yaliachiwa. Mbung'o wa mwituni wa mwisho alinaswa mwezi wa Septemba 1996.

Ushindi huo ulipatikana kwa sababu mbili. Kwanza, bahari ilizuia mbung'o wengine wasivuke kutoka bara. Pili, kisiwa chote kilishughulikiwa kwa pamoja. Lau pangeachwa msitu mmoja tu, mbung'o wangezaana humo na kurudi mabandani.

Kupe hawezi kuondolewa kwa njia ile ile. Jike moja la kupe hutaga maelfu ya mayai, na wadogo wake hukaa majanini wakimngojea mnyama apite. Kupe wa rangi ya kahawia, apendaye kukaa masikioni, ndiye aenezaye ndigana kali. Hunyonya vijidudu kwa ng'ombe mmoja, huanguka chini, hujivua gamba, kisha hupanda ng'ombe mwingine na kumwambukiza. Vijidudu huhitaji siku chache, kupe akiwa ameng'ang'ania, kabla ya kuingia mwilini kwa wingi. Ndiyo maana kumkagua ng'ombe kila siku na kumtoa kupe mapema ni kinga ya kweli.

Dalili zake ni homa kali, kuvimba tezi chini ya sikio, kuacha kula na kuhema kwa shida. Ng'ombe asiyetibiwa mapema huweza kufa katika wiki tatu hivi, na ndama na ng'ombe wa kigeni ndio waathirikao zaidi. Dawa ipo, lakini ni ghali, na hufaa zaidi ikitolewa siku za mwanzo.

Kumfungia ng'ombe bandani na kumkatia majani hupunguza kupe, lakini hakumalizi hatari, kwani kupe huweza kuletwa pamoja na majani yenyewe. Dawa ya kuogeshea nayo ina masharti. Ikichanganywa hafifu kwa kubania gharama, kupe wanyonge hufa, wenye nguvu hubaki, na baada ya muda dawa hiyo haifai tena kwa mtu yeyote kijijini. Kosa la banda moja huwa hasara ya wote.

Kinga iliyo bora zaidi ni chanjo. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, nchini Kenya, walikamilisha njia ya kumpa ng'ombe vijidudu hai vya ndigana kali na, wakati huo huo, dawa inayovidhibiti. Mnyama hupata kinga ya muda mrefu. Hata hivyo, chanjo hiyo haizuii maradhi mengine ya kupe, hivyo kuogesha kunaendelea.

Shida yake iko katika utunzaji. Huhifadhiwa katika mtungi wenye baridi kali mno, na mrija mmoja huwa na dozi 30 hadi 40 hivi. Ukishayeyushwa ni lazima utumike siku ile ile, katika saa chache. Mwenye ndama wawili hawezi kuufungua peke yake. Ndama 40 wa chama kimoja wanaweza.

Basi kila chama kingeanza kwa kuandika hesabu ya ndama wa wanachama na umri wao, kisha kumwona bwana mifugo wa wilaya ili kuulizia upatikanaji wa chanjo na kupanga siku moja ya kazi. Chama kinunue dawa ya kuogeshea kwa pamoja, na mtu mmoja aliyefundishwa aipime. Maziwa ya ng'ombe aliye katika dawa yasichanganywe na ya wengine hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite, maana mnunuzi akipoteza imani, hupoteza imani na chama kizima.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa kupe ni hivyo hivyo.