Mwenye Nyumba, Mpangaji na Msimamizi: Istilahi za Migogoro ya Majengo ya Ghorofa

Miongoni mwa nyaraka zinazowatatiza wafasiri siku hizi ni zile zihusuzo migogoro baina ya wamiliki wa fleti na watu waliopewa kazi ya kuyasimamia majengo yao. Tangu kutungwa kwa Sheria Namba 16 ya mwaka 2008, mtu aweza kuwa na hati ya fleti yake peke yake, ilhali ngazi, paa, lifti na uwanja ni mali ya wamiliki wote kwa pamoja. Hali imebadilika, bali maneno tunayoyatumia ni yale yale ya zamani.

Tuchukue neno mwenye nyumba. Katika Kiswahili cha mijini neno hili lina mwenzake, yaani mpangaji. Mmoja hupokea kodi na kuamuru, mwingine hulipa na kutii. Mazoea hayo yalikomaa baada ya mwaka 1971, majumba yaliyotaifishwa yalipowekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Basi mfasiri anayemwita mmiliki wa fleti "mpangaji" humpokonya kwa kalamu haki yake ya kudai hesabu. Msimamizi huajiriwa na umoja wa wamiliki, hulipwa kwa fedha zao, na wao ndio wawezao kumwondoa kwa kufuata mkataba.

Kwa mtu huyo tunapendekeza msimamizi wa jengo. Wakala si kosa, maadamu hutenda kwa niaba ya wengine, ila neno hilo halitaji kazi yenyewe. Dalali ni mtu mwingine kabisa. Kazi yake hukoma mauzo yakikamilika.

Neno lizushalo ugomvi mwingi zaidi ni kodi. Mpangaji hulipa kodi ya pango. Serikali hutoza kodi ya majengo, ambayo mwaka 2021 ilianza kukusanywa kwa njia ya luku. Msimamizi naye akibandika tangazo ukutani kwamba "kodi ya mwezi haijalipwa", mmiliki ana kila sababu ya kujibu kuwa amekwisha kukatwa kwenye umeme, na kwamba yeye hakupanga kwa mtu. Kumbe kinachodaiwa ni fedha za mlinzi, taka, taa za ngazi na pampu ya maji. Hiyo iitwe ada ya huduma, na zile zinazowekwa kwa ajili ya matengenezo makubwa ya baadaye ziitwe akiba ya matengenezo. Majina hayo mawili yakitenganishwa katika stakabadhi, mmiliki aweza kuuliza kwa nini akiba ya paa imenunulia dizeli ya jenereta. Yakichanganywa, hana pa kuanzia.

Malalamiko yakifikishwa mbele, baada ya barua na mkutano wa wamiliki kushindwa, mfasiri hukutana na usuluhishi na uamuzi. Hapa uzembe una gharama. Msuluhishi huwasaidia wagomvi wapatane wenyewe. Mwamuzi husikiliza na kutoa hukumu inayowafunga. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakayaachia kusuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana, baraza hutoa uthibitisho, ndipo shauri lipelekwe katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwananchi anayesoma katika fomu kwamba kata "itaamua" atakaa akingojea hukumu isiyokuja, na siku zinapita.

Wapo watumiao upatanishi kwa maana ya usuluhishi. Hatuoni sababu ya kuwakataza, mradi neno hilo lisitiwe mahali pa uamuzi.