Hadithi ndani ya Hadithi: Filamu-mkusanyo za Kutisha za Uingereza na Waongozaji Wake

1. Utangulizi

Msomaji wa Alfu Lela Ulela anafahamu vema muundo wa hadithi inayobeba hadithi nyingine. Shahrazad anamsimulia mfalme, na kila usiku unaopita humwongezea maisha siku moja. Hadithi ile kubwa, ambayo hapa tutaiita hadithi-mama, ndiyo inayozipa hadithi ndogo sababu ya kusimuliwa. Muundo huu haukubaki vitabuni. Nchini Uingereza, makampuni madogo ya sinema yaliutumia kutengeneza filamu za kutisha ambazo kila moja hukusanya hadithi tatu, nne au tano. Tutaziita filamu-mkusanyo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi filamu hizo zilivyozaliwa, nani walioziongoza, na kwa nini mtaalamu wa fasihi simulizi anafaa kuzitazama. Hoja yetu ni kwamba katika nyingi kati ya hizo, hadithi-mama si kamba tu ya kufungia mzigo, bali ni baraza la hukumu.

2. Chanzo: filamu ya mwaka 1945

Mzizi wa mkondo huu ni Dead of Night, iliyotolewa mwaka 1945 na studio ya Ealing, London, chini ya mtayarishaji Michael Balcon. Waongozaji wake walikuwa wanne: Alberto Cavalcanti, mzaliwa wa Brazil, pamoja na Charles Crichton, Basil Dearden na Robert Hamer. Msanifu wa majengo anafika katika nyumba moja ya shamba na kutambua kwamba watu wote waliomo amekwisha kuwaona ndotoni. Wageni wanaanza kusimuliana mambo ya ajabu yaliyowapata, mmoja baada ya mwingine. Hadithi inayokumbukwa zaidi ni ile ya Cavalcanti, inayomhusu msanii wa jukwaani anayetawaliwa na mwanasesere wake mwenyewe. Mwishoni msanifu anaamka kitandani, anapokea mwaliko wa kwenda katika nyumba ileile, na ndoto inaanza upya. Hapa hadithi-mama haifungi. Ni duara, na msimulizi amenaswa ndani yake.

3. Amicus na hesabu ya fedha

Mmoja wa walioipenda sana filamu hiyo alikuwa Milton Subotsky, Mmarekani wa New York. Yeye na mwenzake Max Rosenberg waliunda kampuni ya Amicus, iliyofanya kazi Uingereza kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, hasa katika studio za Shepperton. Kati ya mwaka 1965 na 1974 Amicus ilitoa filamu-mkusanyo saba za kutisha.

Muundo wa mkusanyo uliifaa kampuni yenye mfuko mdogo. Kwa kuwa kila hadithi ilichukua dakika chache, mwigizaji maarufu aliweza kukodiwa kwa siku chache tu, ilhali jina lake liliwekwa kwenye tangazo kana kwamba filamu nzima ni yake. Ndivyo ilivyowezekana Joan Collins na Ralph Richardson kuonekana katika filamu moja ya bei nafuu. Peter Cushing aliigiza katika sita kati ya zile saba. Tena, wakati kampuni shindani ya Hammer ilijulikana kwa majumba ya kale na magari ya farasi, Amicus mara nyingi iliweka vitisho vyake katika nyumba za kawaida za siku zile, mavazi ya kila siku yakipunguza gharama. Umaskini wa mfuko ukaleta faida ya sanaa: mtazamaji alitishwa nyumbani kwake mwenyewe.

4. Waongozaji

Freddie Francis aliongoza tatu kati ya filamu hizo: Dr. Terror's House of Horrors (1965), Torture Garden (1967) na Tales from the Crypt (1972). Asili ya kazi yake ilikuwa kamera. Alipata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wa Sons and Lovers (1960), na nyingine kwa Glory (1989). Ndiyo maana katika filamu zake mwanga na kivuli husema mengi ambayo mazungumzo huyaacha.

Roy Ward Baker, aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa A Night to Remember (1958) kuhusu kuzama kwa meli ya Titanic, aliongoza Asylum (1972) na The Vault of Horror (1973). Asylum ina hadithi-mama yenye ustadi: daktari kijana anaomba kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, naye anapewa mtihani wa kusikiliza visa vya wagonjwa na kutambua ni nani miongoni mwao aliyekuwa mganga mkuu. Hapa kusikiliza hadithi kumekuwa kazi ya uchunguzi. Mwandishi wake, Robert Bloch, ndiye pia aliyeandika riwaya ya Psycho.

Peter Duffell aliongoza The House That Dripped Blood (1971), ambayo jina lake linaahidi damu nyingi, ilhali filamu yenyewe inategemea zaidi hali na matarajio. Kevin Connor, aliyetokea katika uhariri wa filamu, alianza uongozaji kwa From Beyond the Grave (1974), ya mwisho katika zile saba.

5. Hadithi-mama kama hukumu

Shahrazad husimulia ili kifo kiahirishwe. Katika filamu za Amicus, mara kadhaa mambo ni kinyume: simulizi linapokwisha, tunatambua kwamba kifo kilikwisha kupita. Katika Dr. Terror's House of Horrors, wanaume watano ndani ya gari-moshi wanatabiriwa mambo yao kwa karata na mzee asiyefahamika. Wanaposhuka wanagundua kuwa wamekufa katika ajali, na mzee yule ndiye Mauti. Katika Tales from the Crypt na The Vault of Horror pia, wasikilizaji watano ni wafu wanaokumbushwa matendo yao.

Matendo hayo si ya kubuniwa mbali na maisha. Katika hadithi moja ya Tales from the Crypt, Cushing anaigiza mzee mjane, mzoa taka anayependwa na watoto. Majirani matajiri wanataka aondoke mtaani, wanamtumia barua za matusi siku ya wapendanao, naye anajiua. Cushing mwenyewe alikuwa amefiwa na mkewe Januari 1971, na huzuni iliyo usoni mwake haionekani kuwa ya kuigiza. Katika hadithi nyingine, mkuu wa makao ya vipofu anapunguza chakula na moto wa wazee huku yeye akila vizuri, hadi vipofu wanapomlipa kwa kipimo kilekile.

From Beyond the Grave inaiweka hukumu hiyo wazi zaidi. Mwenye duka la vitu vya kale anapokea wateja wanne. Mmoja anamdanganya kuhusu thamani ya kioo, wa pili anaiba nishani, wa tatu anabadilisha kibandiko cha bei. Wote wanaangamia. Wa nne analipa bei waliyopatana, na ndiye anayeokoka. Atakayeyasikia hayo bila kutajiwa nchi atadhani ni ngano ya bibi zetu.

6. Doa moja

Haifai kusifu bila kupima. Katika Dr. Terror's House of Horrors, mwanamuziki wa jazi anaiba wimbo wa ibada ya vodu huko visiwa vya Karibi, kisha anaupiga katika klabu London na kuadhibiwa. Hadithi inakemea wizi wa wimbo mtakatifu, na hilo ni jema. Lakini filamu hiyohiyo inaichukua dini ya watu na kuifanya kinyago cha kutishia. The Vault of Horror inarudia jambo hilo kwa mchoraji anayepata uwezo wa kuua kutoka Haiti. Vodu ya Haiti ilikuzwa na watumwa, wakiwamo wengi waliotoka Kongo, na ndani yake mmehifadhiwa sehemu ya urithi wao wa ibada. Msomaji wa hapa kwetu ana haki ya kuuliza: kwa nini anayeiba wimbo anahukumiwa, na anayeiba sura ya dini hahukumiwi?

7. Hitimisho

Amicus ilivunjika katika miaka ya 1970, na The Monster Club (1981) ya Baker, iliyotayarishwa na Subotsky, haikuweza kuufufua mkondo. Hata hivyo mbegu haikufa. Alex Chandon alitoa Cradle of Fear mwaka 2001 kwa fedha kidogo, na Ghost Stories (2017) ya Jeremy Dyson na Andy Nyman inamfuata profesa asiyeamini mizimu anayechunguza visa vitatu, hadi hadithi-mama inapomgeukia yeye mwenyewe.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, funzo ni hili: anapochambua hadithi ndani ya hadithi, asiishie kuhesabu hadithi ndogo. Aulize pia nani anasimulia, nani analazimika kusikiliza, na msikilizaji huyo anadaiwa nini.